Saruji ya vyuma vya meno: je, kweli inaua bakteria?

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 14 na huu ni mwezi wa nane tangu afungwe vyuma vya meno. Siku ile tuliambiwa kwamba saruji iliyotumika ina dawa ya kuua bakteria, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi wa meno kuoza. Juzi nimeona madoa meupe kama chokaa kuzunguka vile vibati vya meno ya mbele. Je, tulidanganywa? Na kuna saruji nyingine yenye nguvu zaidi ambayo tungeiomba?

Jibu: Mama, pole kwa mshtuko, na umefanya vizuri kuuangalia mdomo wa mtoto kwa macho yako mwenyewe badala ya kungoja siku ya kutoa vyuma. Doa la namna hiyo likionekana mapema linaweza kusimamishwa. Likiachwa miaka miwili, mambo huwa mengine.

Sidhani kwamba mlidanganywa. Ninavyousoma ujumbe wako, mliambiwa jambo ambalo kwa sehemu ni kweli, tena ni kweli kuhusu magego, mkaondoka nalo kama ahadi ya kinywa kizima.

Mtoto aliyefungwa vyuma mara nyingi huwa na vitu viwili vilivyoshikizwa kwa njia mbili tofauti. Nyuma kuna pete za chuma zinazozunguka gego zima, wengine huziita bendi. Hizo husimikwa kwa saruji: unga hukorogwa na kimiminika chenye asidi mpaka uwe kama uji mzito, hupakwa ndani ya pete, kisha pete husukumwa mpaka ikae. Mbele kuna breketi, ndivyo vile vibati ulivyovitaja, na hivi kwa kawaida hubandikwa kwa gundi ya rezini, yaani plastiki laini inayogandishwa mdomoni. Daktari hupaka jino asidi ya fosfori ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, hulisuuza na kulikausha, kisha huweka rezini ambayo hupenya kwenye vishimo vidogo vilivyochimbwa na asidi hiyo, na kuigandisha kwa taa ya bluu. Wazo la kuparuza enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, kwa asidi ili gundi ishike lilitoka kwa daktari wa meno Michael Buonocore mwaka 1955, na bila wazo hilo huenda hadi leo tungekuwa tunavisha pete kila jino.

Rezini ya kawaida ikishaganda haiwasumbui bakteria hata kidogo. Wao ndio huifurahia. Uso wake unakwaruza kuliko wa enameli, na ile ziada inayobanwa nje ya breketi, isipofutwa kabla ya taa kuwashwa, hugeuka kibaraza ambacho ukoga, ule utando wa bakteria unaonata kwenye meno, huwa umeshajijenga juu yake ndani ya wiki mbili tatu. Halafu rezini hunywea kidogo inapoganda, na kwenye ukingo wa ziada hiyo huweza kubaki mwanya mwembamba usioonekana kwa jicho, ambao mswaki haufiki lakini bakteria hufika. Madoa ya binti yako yako hapo hapo, kuzunguka breketi. Yametokea mahali ambapo, kwa uwezekano mkubwa, ile saruji yenye dawa haikuwekwa kabisa.

Unaweza kuuliza, mbona dawa iliyo kwenye magego isifike mbele? Haifiki. Dawa hiyo ni floridi, madini yanayosaidia kuimarisha jino, na ile inayotoka kwenye saruji hulinda enameli iliyo jirani nayo kabisa, kiasi cha milimita moja hivi kutoka ukingoni. Zaidi ya hapo mate yameshaizimua na kuimeza. Hata juu ya gego lile lile, upande ulio mbali na pete haupati ulinzi wowote wa maana.

Doa lenyewe linatokana na nini? Kwenye ukoga wanaishi bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Anayetajwa zaidi ni Streptococcus mutans, na vyuma vikishakaa mdomoni idadi yake hupanda, pamoja na ya jamaa zake wa kundi la Lactobacillus. Kiwango cha pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) kwenye ukoga kikishuka chini ya 5.5, kalsiamu na fosfeti, madini yanayolijenga jino, huanza kutoka ndani ya enameli, chini kidogo ya uso wake. Ngozi ya juu hubaki nzima huku chini pakiwa na vitundu vingi, na mwanga ukigonga vitundu hivyo hutawanyika, ndipo jicho linaona weupe wa chokaa. Haihitaji muda mrefu. Ukoga usipoguswa, doa linaloonekana kwa macho linaweza kutokea ndani ya wiki nne, yaani kabla hata ya miadi ya pili kwa watoto wengi. Gorelick na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1982 ambao sisi wa fani hii bado tunaurejea, walikuta takriban nusu ya wagonjwa waliovaa vyuma wana angalau jino moja lenye doa. Kwa hiyo usimwone binti yako kuwa mzembe kuliko wenzake.

Sasa nije kwenye saruji, maana ndicho ulichouliza, na hapa nitakaa kidogo.

Saruji za meno huwapiga bakteria kwa njia tatu. Ya kwanza ni ukali wa asidi yake. Saruji mbichi, iwe ya fosfeti ya zinki au ya glasi-ionoma (saruji ya unga wa glasi na asidi), huwa kali sana dakika za mwanzo, pH yake ikiwa karibu na 2, na bakteria wengi hawaivumilii. Lakini inavyoganda ndivyo ukali unavyopungua, na baada ya siku moja au mbili haipo mbali na hali ya kawaida. Silaha hii ni ya siku ya kwanza tu, na siku hiyo jino limetoka kusafishwa na daktari, wala hakuna bakteria wengi wa kupigana nao.

Njia ya pili ni floridi. Glasi-ionoma ilitangazwa na Alan Wilson na Brian Kent, watafiti wa Uingereza, mwaka 1972, na watu wengi hudhani floridi iliwekwa humo kama dawa. Sivyo. Floridi hutumika wakati wa kuyeyusha ile glasi ili iyeyuke kwa joto la chini zaidi. Ilikuwa ni haja ya tanuri, na jino likafaidika baadaye. Saruji ikishaganda, floridi huanza kutoka: nyingi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha hushuka haraka, na baada ya wiki chache hubaki kama tone linalodondoka polepole kwa miezi mingi. Ikiingia ndani ya bakteria hukwamisha kimeng'enya kiitwacho enolasi, kinachohitajika katika kuvunja sukari, na hukaba pampu ambayo bakteria huitumia kujitoa asidi mwilini. Jambo la kupendeza ni kwamba huingia kwa urahisi zaidi pale panapokuwa na asidi, kwa sababu hapo hujishika na hidrojeni na kupenya ukuta wa bakteria bila kuzuiwa. Yaani yule anayetengeneza asidi ndiye anayejifungulia mlango.

Hata hivyo ningependa tutumie neno sahihi. Floridi ya kiwango hicho kidogo humdumaza bakteria, haimwui. Kazi yake kubwa iko kwenye jino, ambako husaidia kalsiamu na fosfeti kurudi mahali zilipotoka, na madini yanayojengeka upya yakiwa na floridi huwa magumu kuyeyuka: hustahimili mpaka pH ya karibu 4.5. Ndiyo maana anayesema "saruji inaua bakteria" na anayesema "saruji inalinda jino" hawasemi jambo moja. Wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi.

Njia ya tatu ni zinki, iliyomo kwenye fosfeti ya zinki na kwenye polikaboksileti, saruji nyingine aliyoitoa mtafiti Dennis Smith mwaka 1968. Zinki huvuruga matumizi ya sukari ndani ya bakteria. Hapa ningeongeza pia saruji ya oksidi ya zinki na eujenoli, ile inayonukia karafuu kwa sababu eujenoli ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu. Kwa kuua bakteria hiyo ni hodari kweli. Lakini ni dhaifu mno kushikilia pete inayotafuniwa kila siku kwa miaka miwili, na eujenoli huizuia rezini isigande sawasawa, kwa hiyo kwenye kazi ya vyuma tunaikwepa.

Mfano huo wa eujenoli ndio unanifikisha kwenye jambo ambalo ningetaka ulielewe kuliko mengine yote. Saruji inapopimwa maabara, njia ya zamani na rahisi ni kupanda bakteria kwenye kisahani chenye agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, kuweka kipande cha saruji katikati, na kupima kesho yake upana wa duara tupu ambamo bakteria hawakuota. Duara pana, sifa kubwa. Lakini jiulize duara hilo limetokana na nini. Ni lazima kitu kimetoka ndani ya saruji na kusambaa kwenye agari. Saruji isiyotoa kitu haiwezi kupata duara, na saruji inayotoa sana ni ile inayoyeyuka sana. Kipimo kile kile kinachoipa saruji sifa ya kuua bakteria huenda kinatuonyesha kwamba saruji hiyo haitadumu.

Fosfeti ya zinki ndiyo iliyonifundisha jambo hili kwa vitendo. Ilitumika tangu karne ya 19, ikabeba pete za chuma kwa miongo mingi, na ikiwa mbichi huonyesha uwezo mzuri dhidi ya bakteria. Lakini haishikamani na jino kwa kemia. Inajaza nafasi tu, na mate huiyeyusha taratibu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilivua pete kwenye gego la kijana mmoja aliyekuwa amekosa miadi kwa muda mrefu. Pete haikuwa imeanguka. Ilikuwa imekaa vizuri, kwa nje hakuna aliyeweza kujua. Ndani, saruji ilikuwa imekwisha upande mmoja, na mahali pake pamejaa uji mweupe wa chakula na ukoga. Enameli yote iliyokuwa chini yake ilikuwa laini, nikaipitishia kifaa ikakwaruzika kama chaki. Saruji iliyoua bakteria wiki ya kwanza ilikuwa imewaachia nyumba mwaka wa pili. Sijalisahau gego lile.

Ndiyo sababu watafiti walitafuta vipimo vingine. Mwaka 1996 Weiss na wenzake walieleza kipimo cha mgusano wa moja kwa moja, ambamo bakteria huwekwa juu kabisa ya uso wa saruji na kuhesabiwa jinsi wanavyoongezeka. Hapo hata saruji isiyotoa kitu hupimwa kwa haki. Na pale saruji zinapozeeshwa kwenye maji kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, nyingi zilizong'ara zikiwa mbichi hupoteza makali yake. Ukisikia tangazo la saruji ya kuua bakteria, swali la kuuliza ni moja: ilipimwa ikiwa na umri gani?

Kuna pia hila ya mate, ambayo maabara nyingi huisahau. Kitu chochote kikiingia mdomoni, ndani ya dakika chache huvikwa ngozi nyembamba ya protini za mate. Bakteria hukaa juu ya ngozi hiyo, hawaigusi saruji yenyewe. Wa tabaka la chini huenda wakadhurika. Wale wa juu yao hawana habari.

Kuhusu saruji na gundi zilizoongezwa dawa, jibu ni ndiyo, zipo na zimechunguzwa sana. Wengine huchanganya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye glasi-ionoma. Inafanya kazi, lakini hutoka kwa wingi mwanzoni kisha huisha, na ukizidisha kiwango saruji hudhoofika. Wengine huweka chembe ndogo mno za fedha, au za oksidi ya zinki, au kaitosani inayopatikana kutokana na maganda ya kamba wa baharini. Fedha ina uwezo mkubwa, ila huweza kubadilisha rangi, na kwenye jino la mbele hilo si jambo dogo. Njia inayonivutia kuliko zote ni ya Satoshi Imazato na wenzake wa Japani, ambao tangu miaka ya 1990 wamefanyia kazi molekuli iitwayo MDPB. Hii hufungwa ndani ya rezini yenyewe inapoganda, haitoki, na humdhuru bakteria anayeigusa. Kwa hiyo rezini haimomonyoki ili ifanye kazi. Udhaifu wake ni ule ule wa ngozi ya mate niliousema.

Na juu ya yote hayo, breketi lazima ishike. Tangu mtafiti Reynolds alipoandika mwaka 1975, tumekuwa tukitumia megapaskali 6 hadi 8 (kipimo cha nguvu ya mshiko) kama kiwango cha chini cha kuridhisha. Kila kijiko cha dawa unachoongeza kinachukua nafasi ya kitu kilichokuwa kikishikilia. Breketi ikidondoka mara tatu, matibabu hurefuka, na kila mwezi unaoongezeka ni mwezi mwingine wa ukoga kuzunguka vyuma. Gundi iliyoongezewa dawa ikiyarefusha matibabu kwa miezi sita, sioni imemsaidia nani.

Kwa pete za magego mimi nachagua glasi-ionoma, hasa ile iliyochanganywa na rezini kidogo, na sababu yangu kubwa haihusu bakteria hata kidogo. Saruji hii hujifunga kwa kemia kwenye kalsiamu ya jino na hushika chuma pia. Ikishindwa, mara nyingi huachia upande wa chuma na kubaki imeganda juu ya jino, ikilifunika. Lile gego la kijana wangu lingepona kwa sababu hiyo tu. Kwa breketi, glasi-ionoma yenye rezini inaweza kutumika kwa mtoto ambaye usafi wa mdomo unamshinda kabisa, au pale ambapo mate hayazuiliki, lakini hushika kwa nguvu ndogo kuliko rezini. Kwa wengi natumia rezini ya kawaida na nahangaika na ziada yake: naifuta ikiwa bado mbichi, breketi moja baada ya nyingine, kabla ya taa. Dakika hizo chache nazithamini kuliko dawa yoyote iliyomo kwenye tyubu.

Kwa binti yako sasa. Sioni sababu ya kung'oa kila kitu na kubandika upya kwa gundi nyingine. Kwanza daktari wake aondoe utando na kuyatazama madoa yakiwa makavu. Doa lililo hai huwa halina mng'aro, ni kama chokaa, na ukilipitishia kifaa taratibu husikika mkwaruzo. Lililosimama huwa laini na linang'aa. Aangalie pia picha za kabla ya matibabu, kwa sababu watoto wengine walikuwa na madoa tangu jino lilipoota. Akikuta yako hai, jambo la kuomba ni vanishi ya floridi, dawa ya kupaka inayonata juu ya jino, kuzunguka breketi. Ile ya asilimia 5 ina floridi sehemu 22,600 kwa milioni, na kuilinganisha na tone linalotoka kwenye saruji ni kulinganisha ndoo na umande. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa matibabu, kuhusu floridi wakati wa vyuma yaliona kwamba povu la floridi linalowekwa na mtaalamu kila wiki 6 hadi 8, na dawa ya meno yenye sehemu 5,000 kwa milioni, huenda vikapunguza madoa mapya, ingawa waandishi wenyewe walisema ushahidi bado ni mwembamba. Dawa hiyo ya 5,000 mara nyingi huandikiwa kuanzia miaka 16, hivyo kwa umri wake mwachie daktari aamue. Ya kawaida yenye sehemu 1,450 inatosha nyumbani ikitumiwa vizuri: asubuhi, na usiku kabla ya kulala, ateme povu na asisuuze kwa maji. Povu linalobaki pia huijaza upya floridi saruji ya kwenye pete, kwa maana glasi-ionoma hunyonya floridi na kuitoa tena. Saruji yake inahitaji kulishwa, na mswaki ndio mkono wa kuilisha.

Mwonyeshe aelekeze mswaki juu ya breketi kisha chini yake, kwa pembe, hasa ukingo ule wa upande wa ufizi ambako madoa hupenda kuanza. Sukari usiihesabu kwa wingi tu, ihesabu kwa mara: kila anapoonja kitu kitamu pH hushuka na huchukua nusu saa au zaidi kurudi. Na umfundishe kugusa pete za nyuma kwa ulimi. Ikicheza, ikitoa ladha mbaya, au mate yakichomoza pembeni anapouma, asingoje miadi.

Vyuma vikishatoka, usikimbilie floridi kali juu ya madoa ya mbele. Uso huziba haraka na weupe hufungiwa ndani. Mate na dawa ya meno ya kawaida vipewe miezi kadhaa kwanza, mengi hufifia. Yatakayobaki yanaweza kujazwa rezini nyepesi inayopenya kwenye vile vitundu na kuupunguza weupe. Lakini madoa yakiendelea kupanuka wakati vyuma bado viko, daktari ana haki ya kukushauri vitolewe kabla ya wakati, hata kama meno hayajanyooka yote, nami ningekubaliana naye.

Wiki hii mpeleke, na kabla ya kupakwa vanishi daktari apige picha ya meno ya mbele kwa karibu, utando ukiwa umeondolewa. Muulize pia ni saruji gani iko kwenye pete na ni gundi gani iko kwenye breketi, muandike majina yote mawili. Baada ya wiki sita picha ipigwe tena, kwa mwanga ule ule, muilinganishe na ya kwanza.